Barua Iliyobaki Kwenye Faili

Mwaka wa pili baada ya kustaafu kazi ya masjala ya wilaya, niliitwa Magamba na mzee mmoja aliyewahi kuwa mkuu wa chuo kikuu mbali na kwetu. Chuo kilimwomba arudishe mafaili ya uongozi wake yakahifadhiwe. Macho yake yalikuwa yamechoka, na mkewe alisikia kwamba mimi najua kupanga karatasi.

Nikawa napanda kila asubuhi kutoka Lushoto nimevaa sweta. Karatasi nyingi zilikuwa zimeota ukungu. Nilizianika jikoni, mbali kidogo na moto: barua ya uteuzi wake, mihtasari ya vikao, hotuba za mahafali. Nilimsomea, naye alinieleza, mara nyingine akicheka peke yake.

Siku nilipofungua faili la watumishi hakucheka. Nilimsomea barua ya kumfukuza kazi matroni wa bweni la wasichana. Kosa lake: kuliandikia baraza la chuo, bila kupitia kwa mkuu, kwamba milango ya bweni haina vitasa. Karatasi iliyofuata ilikuwa ripoti ya baraza. Matroni alisema kweli.

"Hiyo barua itoe," mzee akasema.

"Siwezi, Profesa. Kila karatasi ina namba yake. Nikiitoa, namba itaruka."

"Nani atahesabu namba?"

"Mimi ningehesabu. Na yule mama akija kutafuta haki yake, ataikuta wapi?"

Akaniambia kazi yangu imekwisha, niende nyumbani.

Niliteremka Lushoto. Sikuwahi kumbishia mkubwa wangu kiasi kile, tena nyumbani kwake. Lakini kesho yake nilipanda tena. Nilijiambia kwamba akinifukuza mlangoni, nitarudi keshokutwa.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia mkewe.

"Marahaba. Pita. Hajala tangu jana."

Mzee alikuwa mezani. Sikuwa nimekaa bado aliposema, "Chukua kalamu. Andika ninavyosema."

Ilikuwa barua kwa matroni. Alikiri kwamba alimwonea, na kwamba ripoti ilipotoka aliona aibu kumrudisha. Tulipofika kwenye tarehe akasita.

"Tuweke ya mwaka ule?"

"Ya leo, Profesa."

"Ya leo," akakubali. Akaweka sahihi.

Nakala niliiweka mwisho wa faili na kuipa namba. Barua yenyewe niliipeleka Muheza mwenyewe, ambako, kwa maelezo ya mke wa mzee, matroni alikuwa akiishi na binti yake. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama.

"Amechelewa," akasema. "Lakini mwambie nimeipata. Na mwambie nitaandika chuoni kudai stahili zangu."

Nilimfikishia mzee maneno yake yote, bila kupunguza hata moja.

"Ana haki," akasema. "Akihitaji shahidi, mimi nipo."