Kachumbari Bila Nyanya

Theluji ya Minnesota ikiyeyuka haina harufu nzuri, asikudanganye mtu. Inanuka kinyesi cha mbwa kilichojificha tangu Novemba, maboksi yaliyolowa, mafuta ya magari, na ule mchanga wa chumvi unaomwagwa barabarani ili watu wasiteleze. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi, harufu hiyo ilipanda mpaka ghorofa ya tatu ya nyumba tuliyopanga kule New Hope, Marekani. Nilikuwa nimelisukuma dirisha kwa nguvu zangu zote mpaka likafunguka, nikatoa kichwa nje, nikavuta pumzi. Chini ya uvundo wote ule kulikuwa na udongo. Udongo mweusi, uliolowa, wa kweli. Nilikuwa nimefika kutoka Nyamira mwezi wa kwanza, na kwa miezi mitatu sikuwa nimeona udongo hata wa kujaza kijiko.

Nilikuja kuishi na mama yangu, na mama yangu sikumjua. Aliondoka nikiwa na miaka minne, nikabaki na bibi, Magokoro kama tunavyoita bibi kwa Kigusii. Magokoro alinilea, akanipiga, akanibeba mgongoni nilipougua, na yeye ndiye niliyemwita Mama. Huyu mwingine alikuwa sauti ya simu ya Jumapili na viatu vilivyofika kila Krismasi vikiwa vidogo, kwa sababu alikuwa akimnunulia yule mtoto aliyemkumbuka. Sasa tulikuwa wawili tu katika vyumba viwili, na sikujua nimwite nani. Nikitaka kitu nilisimama mlangoni kimya mpaka ageuke anione, ndipo niseme. Alishtuka kila mara. “Haki, Kerubo, utaniua kwa moyo,” alisema, halafu akacheka, na mimi sikucheka.

Sikuweza kutulia katika nyumba ile. Yeye alikuwa kwenye shifti zake katika nyumba ya kutunzia wazee, na mimi nikitoka shule nilizunguka: kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye friji, nifungue, nifunge, nirudi dirishani. Jirani wa chini alikuwa akigonga dari yake kwa mpini wa fagio. Nilipogongewa nilivua viatu nikaendelea na soksi. Miguu ilitaka kwenda mahali na hapakuwa na mahali. Siku moja mwezi wa tatu nilipakia nguo zangu zote kwenye sanduku, nikaliburuta hadi mlangoni, nikalikalia. Mama akarudi na sare yake ya kazi, akanikuta hapo. Sikulia. Nilimwambia tu kwamba nataka kurudi nyumbani.

Nilitarajia kofi, au kubembelezwa. Mama alikaa chini sakafuni, akavua viatu, akasugua nyayo zake kwa muda. “Nipe mpaka potlaki ya kanisa, mwezi wa sita,” akasema. Potlaki ni ile karamu ambayo kila nyumba huleta chakula chake, kikawekwa mezani na watu wote wakala pamoja. Kanisa letu la Wakenya liliifanya kila mwaka shule zikifungwa. “Siku hiyo ikifika na bado unataka kurudi, nitakurudisha kwa Magokoro. Sitakuuliza kwa nini, na sitakubembeleza.” Tukapeana mikono kama watu wazima wanaouziana ng’ombe. Kuanzia hapo nilikuwa na tarehe ya kungojea, na kungojea, ukiniuliza, ndiko kulikonichosha zaidi ya kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Ndipo nikaomba shamba. Nilimwambia kama ni lazima ningoje, nataka kulima. Msimamizi wa nyumba akatupa kipande nyuma ya maegesho ya magari, urefu wa vitanda viwili, na Mama akanunua jembe dogo la mkono ambalo Magokoro angelicheka mpaka akae chini. Hapo niligundua jambo la ajabu: mama yangu hakujua kulima. Alikuwa amepelekwa shule ya bweni tangu darasa la nne, akatoka bweni akaingia chuo, akatoka chuo akapanda ndege. Alikuwa akichuchumaa kando yangu jioni, amechoka hata macho, ananionyesha kitu kwa kidole: “Hili nalo ni gugu?” Nami nikimjibu kwa sauti ya Magokoro, “Ala! Hiyo ni dania, wacha.” Niseme ukweli, nilifurahia kumgombeza. Miaka sita ya viatu vidogo niliitoa yote pale, kwa kumgombezea dania.

Katikati ya mwezi wa nne lilikuja juma moja la joto. Watu wa mtaani walitoka na kaptula, wakaosha magari, wakachoma nyama kwenye vibaraza. Kisha ikanyesha. Sasa, kwetu Nyamira, mvua ikinyesha na jua likawaka, unangoja nini? Unapanda. Nikamsukuma Mama tukanunua miche ya nyanya kumi na miwili, tukaiweka ardhini siku hiyo hiyo. Yeye aliyekuwa ameishi huku miaka sita hakujua, kwa sababu miaka yote sita aliiona ardhi akiwa kwenye gari. Siku tatu baadaye niliamka nikakimbilia shamba kabla ya shule kama kawaida yangu. Majani yote yalikuwa yamekuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa, na juu yake sakitu, ule umande ulioganda, uking’aa. Nilipiga ukelele uliomtoa Mama mbio na ndara, kwenye baridi ile. Alisimama akaangalia. “Tumeua watoto wa watu,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli, hata nikasahau kumlaumu.

Jumapili iliyofuata Mama Moraa, aliyekuwa mkuu wa mambo ya vyakula kanisani, akapitisha karatasi ya potlaki. Mama Moraa alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, na karatasi yake ilikuwa na sheria: pilau si zaidi ya nyumba tatu, chapati zihesabiwe, na saladi kila mtu huikimbia kwa sababu inaonekana ni uvivu. Karatasi ilipotufikia niliinyakua kutoka mkononi mwa Mama, nikaandika kwa herufi kubwa: KACHUMBARI KUTOKA SHAMBA LETU. Mama akaniangalia. Kwetu Nyamira, nyanya zinapatikana wakati wowote. Ungeniambia kuna nchi ambayo nyanya haiwezi kuiva mwezi wa sita hata uipigie magoti, ningekuona mwongo. Tukapanda upya mwezi wa tano: nyanya, figili, letusi, vitunguu vya majani, dania. Nilikuwa nikienda kuangalia asubuhi, nikitoka shule, na kabla ya kulala. Nilifukua mbegu za figili nione kama zimeanza kuota, nikazifukia, kesho yake nikazifukua tena. Ni ajabu kwamba kuna kitu kilichoota.

Lakini viliota. Figili zilikuwa za kwanza, nyekundu na kali, halafu letusi ikajaa. Nyanya nazo zilirefuka, zikatoa maua ya manjano, zikaishia hapo. Siku tano kabla ya potlaki nililipekua kila shina. Nilipata nyanya mbili, kijani, kila moja kubwa kuliko pilipili manga kwa kidogo tu. Mama akasema twende dukani tununue za kawaida, nani atajua? Nikamwambia mimi nitajua. Nilikuwa mtoto mkaidi, na nilikuwa nimeandika “shamba letu”. Alifungua mdomo abishane, kisha akaufunga. Sijui kama ni mimi au ni neno hilo “letu” lililomfunga.

Basi asubuhi ya potlaki tulitengeneza tulichokuwa nacho. Yeye alikata, mimi niliongoza. Vitunguu tuliviosha kwa chumvi na kuvikamua mara mbili ili ukali utoke, figili tukazikata nyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili, letusi tukaichana kwa mkono, dania juu, ndimu nne, chumvi. Hakuna mafuta, hakuna ule urojo mweupe wa chupa ambao watu wa huku humwagia kila jani. Nilionja. Ilikuwa na uchachu na ukali uliopanda hadi puani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikula kitu kilichoniamsha. Mama alionja kwa vidole, akaonja tena. Hatukuzungumza kuhusu siku yenyewe ilikuwa siku gani. Nilikuwa nimeamka alfajiri bila kuitwa, na nilidhani ni furaha ya kurudi nyumbani.

Meza zilikuwa zimepangwa kwenye nyasi nyuma ya kanisa, watu kama arobaini, watoto wakikimbizana. Mama Moraa akafunua bakuli letu, akakoroga kwa kijiko akitafuta. “Mama Kerubo! Kachumbari gani hii haina nyanya? Mmefunga kula nyanya, ama ni mfungo wa aina gani?” Watu wakacheka. Nilihisi masikio yanawaka. Mama hakucheka. Alilichukua bakuli akalishika kwa mikono miwili, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa meza: “Ni ya Kerubo. Ameilima mwenyewe na nyanya hazijaiva. Kuleni muonje mkono wake sasa, kwa sababu anarudi nyumbani kwa bibi yake. Nimeomba likizo kazini, nampeleka mwenyewe mwisho wa mwezi huu.”

Mnajua watu wetu. Mtu akileta mtoto Marekani baada ya kuhangaika miaka, halafu mtoto akamkataa, hilo ni jambo la kuzungumzwa kwenye magari njia nzima mpaka kitongoji cha Maple Grove. Yeye alilisema mwenyewe, mchana, kabla mtu hajamsengenya. Nikaelewa kwamba hakuwa akinitisha. Likizo ilikuwa imeombwa. Alikuwa ananirudisha kweli, kama alivyosema, bila kunibembeleza, na nilipoelewa hivyo nikajisikia vibaya kuliko siku zote nilizokaa juu ya sanduku.

“Siwezi kwenda!” nilipiga kelele. “Nyanya hazijaiva!”

Ndiyo sababu pekee niliyokuwa nayo. Mama Moraa akaangua kicheko, wengine wakafuata, na mama yangu akaweka bakuli chini, akageukia upande wa maegesho, akasimama hapo na mgongo wake kwetu. Alipogeuka uso ulikuwa umelowa, na hakujaribu kuufuta. “Basi tungoje ziive,” akasema. Bakuli lilirudi nyumbani tupu. Nyanya ziliiva mwezi wa nane, nyingi mno, tukala mpaka midomo ikatutoka vidonda, na shule zilipofunguliwa hakuna aliyekuwa amelitaja tena jambo la kurudi. Siku niliyoanza kumwita Mama siikumbuki hata kidogo, na nimejaribu.

Sasa nina miaka thelathini na mitano, nafanya kazi hospitalini Saint Paul, na nina bustani Maple Grove yenye nafasi kubwa kuliko nijuavyo kuitumia. Mwanangu namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na saladi anaila ikiwa na ule urojo wa chupa. Magokoro tulimzika miaka tisa iliyopita. Mama amestaafu, anaishi nasi. Amejenga nyumba Nyamira, ya matofali, ina tangi la maji na veranda, na anataka kwenda kuishi humo. Amechoka na theluji, anasema, amechoka kuvaa makoti. Nikirudi kazini namkuta akizunguka: dirishani, mlangoni, kwenye friji, dirishani tena.

Nina sababu zangu za kumzuia, na ni nzuri. Presha yake. Magoti yake. Nani atamwangalia kule usiku akiugua? Huwa namweleza kwa sauti ya upole ninayotumia kwa wagonjwa, naye hunisikiliza mpaka mwisho, hajawahi kunigombeza. Lakini najua kilicho chini ya sababu hizo. Sitaki aende, basi. Miaka sita ya utotoni niliikosa na sina nyingine ya kutoa. Yeye aliposimama mbele ya watu arobaini akaniruhusu niondoke, alikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi leo, na hakuwa na mtu mwingine katika nchi hii nzima. Mimi nina mume na mtoto, na nashindwa kumwambia maneno hayo hayo jikoni kwangu, tukiwa wawili.

Jumamosi iliyopita alikuja nikiwa naosha vyombo, akasimama kando yangu akachukua kitambaa cha kufutia. Akaniuliza kama nimeangalia bei ya tikiti yake ya ndege ya kurudi nyumbani.

“Nimeangalia, Mama,” nikamwambia. “Bei bado iko juu sana.”

“Basi tungoje,” akasema, akaendelea kufuta sahani.

Sijaangalia hata mara moja.