Sauti Kwenye Kalavati la Bertrams

Chiku alizaliwa Dar es Salaam, kwenye mlango wa Mto Msimbazi, pale maji ya chumvi yanapopanda kila siku kukutana na maji ya mto. Usichanani mwake yeye na mdogo wake Ilham walikata mikoko na kuuza nguzo. Baadaye aliolewa na mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, akamfuata Johannesburg. Mumewe alipofariki, akabaki Troyeville, mtaa wa jiji hilo.

Mafuriko ya 2011 huko Dar yalimchukua Ilham. Mwili haukuonekana.

Bondeni chini ya nyumba ya Chiku, katika mtaa jirani wa Bertrams, kijito cha Jukskei hutoka chini ya mitaa kupitia kalavati la zege. Tangu 2015 alikuwa akishuka kila Jumamosi kuopoa mifuko ya plastiki na matairi, akapanda matete yashike udongo. Majirani walimsifu. Hawakujua kwamba mle ndani alimsikia Ilham akiita, kama zamani bahari ilipojaa: "Dada, maji hayo!"

Alasiri moja ya Novemba 2016, wingu zito likiwa juu ya mji, sauti ilisogea karibu mno. Chiku akatupa gunia, akaingia. Maji yalimfika vifundoni, kisha magotini. Giza lilinuka tope la mikokoni.

Jeannine, msusi Mkongomani anayeishi jirani, alimwona akipotelea ndani.

"Mama Chiku! Toka mule!"

"Ngoja. Mdogo wangu yumo."

"Mule hamuna mutu, mama!"

Jeannine alimfuata, akamvuta kwa kanga hadi ukingoni. Punde maji yakafumuka kalavatini kwa ngurumo, yakibeba magogo na mapipa ya taka. Matete yote yakaenda.

Jikoni kwa Jeannine, akiwa amejifunika blanketi, Chiku alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mikoko iliyokinga mahali alipojenga Ilham waliimaliza wao wawili. Na kiwanja chenyewe, yeye ndiye aliyemchagulia.

"Nilimwambia ni pazuri. Upepo unaingia."

Jeannine hakumwambia asijilaumu. Alimwongezea chai.

"Siku ya posho tutaenda wawili," alisema, akimaanisha Jumamosi. "Weye utabakia inje."

Kufikia 2019 matete mapya yaliwafika kiunoni, na ndege walikuwa wakijenga viota humo. Siku moja Jeannine aliuliza maji yale yanakwenda wapi.

"Limpopo. Halafu baharini, Msumbiji."

"Na kule watu wanajenga?"

"Wanajenga," Chiku alijibu, akainama kuvuta tairi lililozama.