Siku Sabini na Nane za Karligash

Kwa miaka saba Karligash aliuza safari za watu wengine. Alikaa nyuma ya kioo cha dirisha namba tatu, stesheni ya Taraz, katika nchi ya Wakazakhi, akikata tiketi za kwenda Almaty, za kwenda Astana, za kwenda Moscow, hata za kwenda huko Siberia ambako mtu mwenye akili zake haendi bila kupelekwa na mahakama. Yeye mwenyewe mwisho wa dunia yake ulikuwa Turkistan, tena kwa kuzuru kaburi la walii, tena akiwa amebanwa katikati ya shangazi wanne ndani ya gari moja. Lakini ratiba alizijua. Ungemwamsha usingizini angekutajia treni, behewa na dakika, kisha angejifunika shuka na kuendelea kulala.

Mwaka wa 2018, mwezi wa Mei, akafaulu mtihani wa kuongoza treni. Hiyo ni kazi ya heshima, msiichezee: unakaa kule Shu, njia panda ya reli, mbele ya ukuta uliojaa vitaa, saa kumi na mbili mfululizo, unasema treni hii ipite na ile isubiri, na dereva mwenye masharubu meupe anakutii. Kazi ingeanza tarehe mosi Septemba. Likizo ni baada ya mwaka mzima, na hata hiyo ya kugombaniwa. Dirishani angemaliza tarehe kumi na nne Juni. Karligash akahesabu kwa kalenda, akahesabu kwa vidole, akarudi kwenye kalenda. Siku sabini na nane. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na tangu azaliwe hajawahi kuwa na siku tatu ambazo hazina mwenyewe.

Basi akanunua daftari na kuanza kupanga. Angepanda treni hadi Aktau, behewa la vitanda wazi, kitanda cha juu pembeni mwa choo, kile ambacho wateja wake walikuwa wakikikataa kwa matusi. Kutoka Aktau angevuka bahari ya Kaspi kwa meli ya mizigo inayokwenda Baku, ambayo haina ratiba kabisa. Huondoka ikishajaa mabehewa ya treni, leo au keshokutwa, na abiria hukaa bandarini wakingoja. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Kisha Tbilisi, kisha Batumi, kisha pwani ya Uturuki polepole kwa mabasi ya mchana hadi Istanbul. Kulala ni kwenye vyumba vya watu wanane, vitanda vya ghorofa. Kula ni mkate, nyanya na tambi za kumwagia maji moto. Mkoba mmoja tu wa mgongoni, ambao aliupima kwenye mizani ya vifurushi pale stesheni mpaka mpimaji akamchoka: kilo saba na nusu, baada ya kukata mpini wa mswaki.

Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Kilichobaki ni pa kulala Baku, kwa kuwa zile nyumba alizoziona kwenye simu bei zake zilikuwa za mabwana wa mafuta. Hapo ndipo alipofanya kosa, na ni kosa ambalo Mjerumani asingelifanya hata angelipwa, kwa kuwa hana ukoo wa kuuliza. Akaingia kwenye kundi la ukoo katika simu, kundi la watu mia na arobaini na watatu, wote wazao wa babu mmoja, wa kizazi cha saba nyuma, akaandika kwa adabu: kuna anayejua nyumba ya wageni ya bei nafuu Baku?

Jamani. Kwa watu wengine hilo ni swali. Kwetu, mtu anayeuliza pa kulipia kitanda anatangaza kwamba hana watu. Na kutangaza huna watu mbele ya watu mia na arobaini na watatu ni kuwatemea mate usoni mmoja mmoja.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Baba Mkubwa Omirzak, kaka mkubwa wa baba yake Karligash, mkuu mstaafu wa ghala la ngano, mtu ambaye hata harusi huiendesha kwa jedwali. Hakumsalimia. Alimuuliza kama ukoo umekufa, na kama umekufa umezikwa lini, kwa kuwa yeye hakupewa taarifa ya msiba. Karligash akajaribu kueleza kwamba alitaka tu kuzunguka peke yake, kwa gharama ndogo. Baba Mkubwa akamwambia hakuna gharama ndogo kuliko bure, na akakata simu ili aanze kazi.

Na kazi aliifanya kweli. Ndani ya siku nne alikuwa amepata mtu kila mji. Baku kulikuwa na mkwe wa binamu, fundi wa visima vya mafuta. Tbilisi kulikuwa na Mjojia mmoja aliyekuwa naye jeshini mwaka wa sabini na sita, aliyedhaniwa amekufa, lakini alipigiwa simu akapokea. Istanbul ndiyo usiseme. Kule Zeytinburnu kumejaa Wakazakhi washona ngozi, na miongoni mwao Baba Mkubwa alifukua tawi zima la ukoo, watu ishirini na wawili, akiwemo kijana mmoja wa miaka thelathini na minne asiye na mke. Eti ana mashine tatu za kushonea. Habari za mashine zilirudiwa mara nyingi mno hata zisiweze kuwa za bahati tu.

Sasa kwa watu huendi mikono mitupu. Shangazi Rabiga, dada yake baba, ndiye aliyechukua uwaziri wa mizigo. Alileta soseji za nyama ya farasi, nne nene kama mkono wa mcheza mieleka, kila mwenyeji na yake. Akaleta jibini kavu, mfuko wa kilo mbili. Wengine wakasikia kwamba kuna mtu anakwenda, na kwetu mtu anayekwenda ni posta. Zikaanza kuja amana: kofia ya mtoto wa fulani, dawa ya goti ya fulani, godoro jembamba la kushona kwa mkono, la bibi harusi ambaye harusi yake ilikuwa mwaka juzi. Amana haikataliwi. Ukiikataa, mwenye nayo hasemi neno, ila atakusalimia kwa upole hadi ufe.

Karligash alipoupima tena mzigo, mpimaji wa stesheni alimuuliza anahamia wapi.

La mwisho ndilo lililomvunja nguvu. Mama mkwe wa binamu yake mmoja alikuwa na magoti mabovu, na daktari alishauri maji ya bahari. Ukoo ukaona hapa Mungu amerahisisha. Karligash angekwenda naye hadi Batumi, angemwacha kwa mtu, angekwenda zake Istanbul, na wakati wa kurudi angempitia. Mama huyo hapandi kitanda cha juu, hali nyanya, na huogopa meli.

Msichana akawa hali vizuri. Mama yake, Zeinep, alimwona na akaelewa, lakini Zeinep ni mke wa mtoto wa pili katika nyumba hii, na kwa miaka thelathini na moja hajawahi kumjibu Omirzak zaidi ya kumwongezea chai. Usiku alimwambia bintiye ajikaze, wanampenda, ndivyo wanavyojua kupenda. Karligash akasema anajua. Ilikuwa kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yenyewe, kwa kuwa mtu akikuonea unapata pa kumshika. Akaanza kuwaza afadhali aahirishe, aende Shu mapema, aombe waanze naye Julai.

Jumamosi moja kabla ya tarehe ya kuondoka, ukoo ukakusanyika kwa baba yake mchana kumuaga. Kondoo alichinjwa, tambi pana zikatandazwa kwenye sinia, nyama juu. Kichwa cha kondoo kiliwekwa mbele ya Bibi Batima, mama yao akina Omirzak, miaka themanini na minne. Msije mkadhani ni mmoja wa wale vikongwe wa busara wanaotoa machozi. Bibi Batima huiba karata akicheza na wajukuu, huvaa sweta mbili mwezi wa Juni, na huwa kiziwi akiambiwa asichokitaka. Alikuwa ameshughulika na shavu la yule kondoo na dunia nzima hana habari nayo.

Baba Mkubwa akavaa miwani, akasimama, akasoma jedwali. Tarehe kumi na tano kuondoka. Kumi na tisa Baku, meli itake isitake, kupokelewa na mkwe. Siku sita, chache kuliko hizo ni matusi. Akaendelea hivyo hadi mwisho wa Agosti, na kila siku ilikuwa na jina la mtu mbele yake. Sabini na nane zote, hakuna hata moja iliyobaki wazi. Watu wakamsifu kwa kazi nzuri. Karligash akafungua mdomo, na Zeinep akamfinya paja chini ya meza, si kwa ubaya, kwa mazoea tu.

Bibi akauliza huyo mtoto anasomewa nini, hukumu? Shangazi Rabiga akamwinamia sikioni akamweleza kwa sauti: ni mahali atakapolala mtoto wetu, Mama, kila usiku, tumempangia.

Bibi akaweka kisu chini. Akamtazama Karligash.

"Na wewe mwenyewe unataka kulala wapi?"

"Sijui, Bibi," akasema Karligash. Akaona haya, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, akayaacha yaende. "Ndiyo sababu nilitaka kwenda. Nataka nifike mahali jioni nisijue. Hapa kila anayekuja dirishani ananiita binti Sadwakas, na ananiomba kiti cha chini kwa ajili ya baba. Shu nako, mkuu wa zamu ni rafiki yake Baba Mkubwa. Nilitaka mwaka huu tu. Kisha nitarudi niwe binti wa watu maisha yangu yote, sikatai."

Baba yake, Sadwakas, akaangalia sahani. Baba Mkubwa akakohoa, akasema mtoto amechoka, ni mambo ya safari, tuombe dua tumalize. Yeye ndiye huomba dua siku hizi. Bibi alimwachia miaka mingi iliyopita, akidai pumzi haitoshi. Akainua viganja, na wote wakainua viganja, watu thelathini na kitu, vikiwa wazi kuelekea juu.

Bibi Batima naye akainua vyake. Na kabla mwanawe hajavuta pumzi, akaanza yeye.

Hapa lazima mjue jambo moja. Mkubwa akianza dua, hakuna wa kumkatiza. Na viganja vikishafunguliwa havishushwi mpaka amalize, kwa kuwa anayeshusha anamharibia njia msafiri, na hakuna mtu yeyote ukoo mzima aliyekuwa tayari kuwa yeye huyo.

"Mungu akupe njia," akasema Bibi.

"Amina," wakaitikia.

"Akupe kiatu kisichobana na tumbo lisilochagua."

"Amina," wakaitikia, na wengine wakatabasamu.

"Akupe miji ambayo hakuna amjuaye baba yako, wala babu yako, wala mimi."

Shangazi Rabiga akawa ameshasema amina kwa mazoea, peke yake, kwa sauti kubwa. Wengine wakamfuata wakitazamana.

"Akulaze unapopachagua mwenyewe, hata kama pana kunguni. Akuepushe na wakwe, na mabinamu, na kila mwenye mashine. Asikuonyeshe ndugu hata mmoja hadi Septemba. Mzigo wako uwe mwepesi uutoshe mgongo wako, na magoti ya watu yapone yenyewe."

Viganja vilikuwa juu, vingine vimeanza kuchoka. Bibi hakuwa na haraka. Macho yake yalikuwa kwa mwanawe mkubwa, na macho ya wote yakaenda huko. Omirzak alikuwa amesimama na jedwali limemponyoka likaanguka karibu na sinia, mikono iko wazi mbele ya kifua, uso mwekundu. Alikuwa mtu wa makelele, si mtu mbaya. Akamtazama binti wa mdogo wake muda mrefu.

"Amina," akasema, na akapangusa uso. Na ukoo wote ukapangusa nyuso. Ikawa imekwisha, haina rufaa.

Chai ikaanza kumiminwa kwa fujo, kama inavyokuwa watu wakitaka kuficha kitu. Baba Mkubwa akakaa. Akamuuliza mama yake, kwa sauti ya chini sana kwa mtu wa aina yake, amwambie nini sasa yule Mjojia aliyefufuka.

"Mwambie hakuna mtu wetu anayekuja," akasema Bibi. "Niliolewa nina miaka kumi na saba, Omirzak. Tangu siku ile sijalala usiku hata mmoja mahali ambapo hawajui mimi ni mke wa nani na mama wa nani. Hata nilipopasuliwa nyongo, muuguzi alikuwa mkwe wa Rabiga."

Zeinep alikuja na birika, akamjazia Bibi kikombe, kwa mara ya kwanza akisahau kabisa kumjazia Omirzak.

Karligash akaenda kumbusu bibi yake. Alitaka kusema asante, lakini machozi yalimtangulia, na yule kikongwe hakuwa na subira na watu wa kulia mezani. Akamvuta kwa mkono uliojaa mafuta ya kondoo mpaka sikio likawa karibu na mdomo wake.

"Ukirudi usiwasimulie hawa," akamnong'oneza. "Njoo kwangu kwanza, funga mlango. Nataka usiku mmoja mmoja, zote sabini na nane, na usiruke hata mmoja."