Siku Fundi Alipopanda Basi la Mkewe

Jua halijachoma bado, basi linanguruma mbele ya ofisi ya safari, na mwanamke mfupi mwenye kibendera chekundu amesimama mlangoni akipokea abiria.

"Karibu, babu, shika hapo. Wewe dada, hivyo viatu ni vya harusini. Huko tuendako kuna ngazi."

Watu wanacheka, wanapanda. Wakishaketi, anawatangazia jambo ambalo waongoza watalii wengi hawathubutu kulisema.

"Anayetaka maelezo, anifuate. Anayetaka kujiendea mwenyewe, ruksa. Saa nane tukutane mkahawani. Hakuna atakayenuniwa."

Wenzake humwita Mama Bendera. Kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Hulipwa kwa safari, si kwa mwezi, hivyo msimu wa mvua nyumba hutegemea cherehani ya mumewe.

"Zamani mtu hakwenda hata chooni bila kuniaga," anasema. "Kundi lilikuwa kundi."

Kilichombadilisha ni safari moja ya mwaka jana, na abiria mmoja.

Mumewe, fundi cherehani, hakuwahi kusafiri naye hata mara moja. Kinyozi hajinyoi. Kila sikukuu mkewe alikuwa njiani na wageni, naye alikuwa dukani akipinda suruali za watu. Watoto wakakua, wakahama. Kisha kiharusi kikampiga, na alipoinuka kitandani mguu wa kushoto ulikuwa mzito.

Alipopata nafuu, alisema anataka kuyaona yale maporomoko ya maji ambayo mkewe huwaonyesha watu.

"Nilifurahi, nikamwambia twende wawili tu, tukodi gari, atembee kwa mwendo wake," anasimulia Mama Bendera. "Akakataa katakata. Ati yeye anataka safari ya kuongozwa, tena na kundi zima!"

Fundi alikuwa na sababu yake, na anaieleza bila kuondoa macho kwenye sindano.

"Huyu akirudi nyumbani sauti imekwisha. Maneno mazuri yote amewapa wageni, mimi naulizwa chai iko wapi. Nikaona dawa ni kuwa mgeni."

Mkewe hakukubali. Ngazi ni ndefu, na kundi halimngoji mtu. Wakanuniana. Lakini siku ya safari ilipofika, alimkuta mumewe ameketi nyuma ya dereva, shati jipya, fimbo mapajani. Alikuwa amekwenda ofisini na jirani, akajiandikisha kama abiria mwingine yeyote.

"Mama," akamwambia mbele za watu, "mimi ni mgeni, sijui kitu. Nieleze."

Dereva wa basi anaikumbuka siku hiyo. "Njia ile nimeipita mpaka nimeichoka, lakini siku ile hata mimi nilisikiliza."

Kwenye ngazi kundi likateremka kwa kasi. Kule chini Mama Bendera akahesabu vichwa, akaona kimoja kimepungua. Hakuhitaji kuuliza ni cha nani. Wageni wakaanza kunung'unika. Akamwachia kibendera dereva, aliyekuwa ameteremka nao, akapanda mbio.

Alimkuta katikati ya ngazi, ameketi juu ya jiwe, macho ameyafumba.

"Nilidhani umeanguka!"

"Mwenda pole hajikwai, mke wangu."

"Mwenda pole anabaki peke yake!" Akaangua kilio palepale.

Fundi akamshika mkono. "Nilikusikia mpaka pale kwenye kona. Halafu maji nayo yakaanza kuongea, nikasema ngoja niyasikilize. Sasa nenda na watu wako. Niache nikae."

Ilimwia vigumu kuondoka. Tangu mumewe augue, alikuwa hajamwacha peke yake. Hata akienda sokoni alimwachia jirani.

"Kumbe nyumbani nako nilikuwa namwongoza," anasema kwa sauti ya chini. "Kaa hapa, kula hiki, usipite pale. Mtu mzima, jamani."

Akashuka. Waliporudi, walimkuta fundi na mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu, aliyekuwa ametangulia kupanda akachoka nusu ya njia, wakicheka kama watoto wa nyumba moja.

"Mama, maelezo yako ni matamu," mwalimu akamwambia, "lakini maji nimeyaona nilipokaa hapa."

Mwenye ofisi hakulipenda wazo la kuwaachia watu wajiendee. "Akipotea mmoja, jina letu tutaliokota wapi?" Mwishowe alikubali wajaribu, mradi kila abiria awe na namba ya simu ya Mama Bendera. Sasa basi lake hupata wazee, na akina mama wenye watoto wachanga, watu waliokuwa wakiogopa kulichelewesha kundi.

Je, lipi bora, kuongozwa au kujiendea?

"Siku nyingine mtu anataka kuambiwa, siku nyingine anataka kuachwa," anajibu Mama Bendera. "Kazi yangu ni kumuuliza leo anataka lipi."

Mvua zikianza na wageni wakipungua, yeye na fundi watakwenda mji ambako hakuna kati yao aliyewahi kufika, wawili tu. Alishaanza kuulizia habari za huko, mumewe akamkataza.

"Tukijua yote, tunakwenda kufanya nini?" anasema fundi.

Mama Bendera anacheka. "Sijui hata kituo cha basi kiko upande gani. Nitamshika mkono, tutauliza."