La ya Mama Mjini Firenze

Ladywood ya utoto wangu, mtaa wa Birmingham kule Uingereza, ilinuka siki. Kulikuwa na kiwanda cha siki si mbali na kwetu, na upepo ukivuma kutoka upande huo harufu ilipanda ngazi za jengo letu ghorofa baada ya ghorofa, ikakutana na ya kabichi za majirani zilizochemshwa mpaka zikakata tamaa, kisha zote mbili zikapenya chini ya mlango wetu bila kubisha hodi. Mpaka leo nikifungua chupa ya siki naliona zulia letu la kahawia, na Mama ameketi kwenye ukingo wa kochi, bado amevaa sare yake ya unesi, mkononi kikombe cha chai na kipande cha mkate mkavu. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chake cha jioni. Mimi na Baba tulikula, Mama alitutazama. Nilikuwa na miaka kumi, miaka ya sabini ndiyo kwanza imeanza, na nilimwona mama yangu akipungua ndani ya sare ile hadi mkanda wake ukahitaji kutobolewa tundu jipya.

Mama alikuwa mtu wa Kisauni, Mombasa, na alipokataa jambo hakusema "hapana" kama Baba, ambaye ni Mtaita. Alisema "la". Neno fupi, lakini nyumbani kwetu lilikuwa na nguvu kuliko serikali. Alikuwa na la ya upole, ya kumkatalia mgonjwa. Alikuwa na la ya kunyanyua kidevu. Na alikuwa na ile ya mara mbili, "la, la," ambayo ikishatoka haina rufaa. Vyakula vya Birmingham vilikutana na hiyo ya mara mbili. Viazi vya kupondwa, la, la. Samaki wa kukaanga wa pale kona alimtazama akasema, "Huyu mbona amevaa koti?" Alichokitamani kilikuwa kimoja, matumbo, yaliyopikwa kwa tangawizi, ndimu na tui la nazi, kama mama yake alivyoyapika kila Jumapili baada ya ibada. Siku moja akaenda soko la mjini akayapata, akarudi anatembea kwa haraka kama msichana. Akayafungua jikoni, akainamisha pua, akaita, "Baba Rehema, njoo unuse. Hii si ndiyo ile dawa tunayooshea vyoo kule wodini?" Yalikuwa meupe pepe, hayana harufu ya ng'ombe hata kidogo. Waingereza waliyapausha namna hiyo ili yaonekane safi. Yakaishia kwenye pipa la taka, na Mama akarudi kwenye mkate wake.

Jumapili moja, mezani, aliweka kikombe chini akasema aliyokuwa akiyafikiria. "Nimeshamwambia matron wa wodini. Krismasi itanikuta Kisauni, mimi na Rehema. Wewe ukimaliza hizo safari zako utatufuata."

Niliielewa vizuri hiyo "utatufuata". Darasani kwetu kulikuwa na msichana ambaye baba yake alikuwa anawafuata tangu chekechea, na hakuna aliyemwona akifika. Nilimpenda Baba kupita kiasi, na Mama nilimpenda hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba mtu anaweza kulazimishwa kuchagua. Baba alikoroga chai yake muda mrefu, chai ambayo haikuwa na sukari.

"Sawa," alisema mwishowe. "Naomba kitu kimoja tu. Likizo ya Oktoba twende sote Firenze. Viti vya nyuma ni vitupu, bosi amekubali. Ukirudi ukiwa bado wataka kwenda, masanduku nitayafunga mimi mwenyewe."

Baba alikuwa dereva. Kenya aliendesha malori kutoka bandarini hadi Kampala, na Birmingham aliajiriwa na kampuni ndogo ya mabasi iliyowapeleka wazee wa Kiingereza kuona miji ya kale ya Italia. Firenze, ambayo Waingereza huiita Florence, aliijua, ila si kwa makanisa yake. Aliijua kwa tumbo. Dereva wa masafa, alituambia, akifika mji mgeni haulizi aliyevaa tai pa kula. Anamfuata anayebeba magunia. Alikuwa na hakika kwamba kuna kitu kule kitakachomfungua Mama kinywa, ingawa hakukitaja. Nafikiri aliogopa akikitaja Mama angesema la kabla hatujavuka bahari.

Ndani ya basi, kiti cha mbele yetu alikaa Bi Hilda, mjane kutoka upande wa viwanda, mwenye kofia ya sufu na mfuko wa peremende usiokwisha. Aligeuka kila baada ya muda kidogo. "You all right, bab?" alimuuliza Mama, kama hajambo. Hilo "bab" ni neno la mapenzi la watu wa Birmingham, humwita hivyo mtoto, muuza magazeti, yeyote. Mama alinigeukia, akaninong'oneza, "Kwa nini aniita baba? Mimi nimekuwa baba yake lini?" Nikacheka mpaka peremende ikanikwama. Bi Hilda akampa mkate wenye nyama ya nguruwe, Mama akasema la, asante. Akampa keki, la, asante. Tukapita Ufaransa yote hivyo, na milima yenye theluji pia.

Jioni ya kwanza Firenze kundi zima lilipelekwa kwenye mkahawa wa uwanja mkubwa, wenye picha za vyakula mlangoni na kijana wa kuwavuta watu kwa mkono. Nimekula sehemu nyingi tangu hapo na bado nina ugomvi na mkahawa ule. Tambi zilikuwa zimelowa, mchuzi ulitoka kwenye kopo, na nadhani kuku alipashwa moto kwa ajili ya kundi lililotutangulia. Mama alisukuma sahani. "La, la." Baba nilimwona anatabasamu ndani ya leso yake.

Asubuhi wenzetu walikwenda kutazama sanamu. Bi Hilda alikataa. Alisema amekwisha kuona za kutosha, wote wako uchi na wote wanaonekana kuhisi baridi, akatufuata sisi. Baba alitupitisha vichochoro vyembamba vyenye harufu ya mawe mabichi na ngozi, akatuingiza kwenye chumba kidogo ambamo watu walikunywa kahawa wamesimama. Hilo nalo alitufundisha, kwamba pale ukikaa kitini wewe ni mgeni, ukisimama wewe ni mwenyeji. Kahawa ilikuja kwenye kikombe kidogo, nyeusi, chungu. Mama aliionja. Akakitazama kikombe, akamtazama Baba. "Hii ni kahawa ya kwetu," alisema. "Imekosa kashata tu." Kwa miaka yote ile Birmingham alikuwa akipewa unga wa kopo na maji ya moto akiambiwa ndiyo kahawa. Alimaliza tone la mwisho, na mimi nikaanza kutumaini, kwa woga.

Nje ya soko kulikuwa na mkokoteni wa bati, na mzee mnene mwenye aproni, na wapagazi wa sokoni wamemzunguka wakila bila kuongea. Baba akasimama nyuma kidogo. Mzee alipomwona Mama, mwanamke aliyevaa vizuri, akamdhania mtalii, akainua mkate wenye vipande vya nyama ya nguruwe.

"La, la," alisema Mama.

Mzee akauteremsha mkate, akageuka, akaonyesha kidole nyuma yake. "Là?"

"La!" alisema Mama kwa sauti kubwa zaidi, na kidevu juu.

"Ah, là, là!" Mzee akafurahi, akafunua kifuniko cha sufuria kubwa iliyokuwa nyuma.

Baadaye nilijifunza kwamba kwa Kitaliano neno hilo hilo maana yake ni "pale". Mama alikuwa anakataa, na mzee alikuwa anamsikia mteja anayejua anachokitaka. Mvuke ukapanda, wa vitunguu, nyanya na figili, na chini yake harufu ambayo hakuna mtu wa kwetu anayeweza kukosea.  Mama akasogea, akainama juu ya sufuria kama alivyoinama jikoni Ladywood, lakini safari hii hakurudi nyuma. Yalikuwa ya kahawia, yamenona, hayajapaushwa na mtu.

"Matumbo," alisema. Macho yakamjaa. "Baba Rehema, ni matumbo."

"Mimi nimesema neno?" alijibu Baba.

Mzee aliyakatakata kwa kisu, akachovya mkate ndani ya supu, akayajaza, akatia kachumbari ya kijani na pilipili. Mama alikula amesimama, mchuzi ukimtiririka mpaka kwenye kiwiko cha koti lake la ibada, akaomba mwingine. Aliposhiba alisema "basi," na mzee akaelewa, kwa sababu wao husema "basta". Nilifurahi mpaka nikatamani kukaa chini barabarani. Kando yetu Bi Hilda alikuwa anakula kwa kasi ya kutisha.

"Mama yangu alitupikia haya kila wiki," alimwambia Mama, mdomo umejaa. "Kwa vitunguu na siki."

"Lakini kule Birmingham mnayaosha kwa dawa," alisema Mama.

"Hayo meupe ni ya kuonyesha, bab. Ya kahawia mchinjaji anakuwekea chini ya meza ukimwomba mapema. Hakuna aliyekwambia?"

Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuwa amemuuliza mtu, wala mtu hakuwa amemuuliza yeye anataka nini. Hayo aliyasema Mama mwenyewe ndani ya basi, tukirudi, akiwa amehamia kiti cha mbele kando ya Bi Hilda na mfuko wa peremende katikati yao.

Jumamosi iliyofuata walikwenda sokoni wawili, kofia ya sufu na kitambaa cha kanga, wakarudi na kifurushi chenye harufu ya kweli. Nazi ilitoka mtaa wa Lozells, dukani kwa Mhindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye alimkaribisha Mama kwa Kiswahili na kumkawiza kwa hadithi. Siku ile harufu yetu ndiyo iliyoteremka ngazi za jengo, tangawizi na tui, ikapenya milango ya watu bila hodi. Bi Hilda alikuja na chupa yake ya siki. Mama akamshika mkono: "La, la." Krismasi ilimkuta Ladywood, amesimama jikoni na mwiko, na masanduku yakabaki juu ya kabati mpaka yakawa ya kuhifadhia mablanketi.

Kiwanda cha siki kimefungwa siku nyingi, na jengo letu limebomolewa. Bi Hilda amelala makaburini, na Mama bado huenda kumwekea maua. Vijana wakiniuliza wale wapi Firenze, huwa wameshika simu zenye sehemu mia zilizopangwa kwa nyota, nami nawaambia waikimbie milango yenye picha, kahawa wanywe wamesimama, halafu wawatafute wabeba mizigo. Wananiona mtu wa zamani. Mji siku hizi umefurika watalii, lakini mwaka juzi niliukuta mkokoteni, na aliyeshika kisu ana pua ile ile ya mzee yule.

Mama sasa ni mkongwe, anaishi nami hapa Moseley, Birmingham ile ile, tangu Baba alipotutoka. Wiki iliyopita, mezani, nilimuuliza kitu nilichoogopa kukiuliza maisha yangu yote: kama angetaka nimrudishe Kisauni akapumzike kwao.

"La," alisema.

Mjukuu wangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, aligeuka haraka kutazama nyuma yake, kwani sote tulimzoesha kwamba kwetu "la" ni "pale" pia, kama ya mzee wa mkokoteni. Akamuuliza Mama ni wapi: "Where, Nana?"

Mama akanyanyua kidevu kuelekea jikoni, ambako sufuria ilikuwa inatokota, akarudia, "La." Mtoto akaenda kuchukua sahani.