Mgeni Aliyesema Usingizini Mwangu

Juzi nilirudi Mutsamudu kumwona dada yangu, aliyejifungua hospitali ya Hombo, nikalala mchana katika nyumba aliyotuachia bibi. Nilipoamka, mpwa wangu aliniuliza nilikuwa nagombana na nani. Nikacheka, maana zamani swali kama hilo liliwahi kunivusha bahari.

Nikuambie mapema: mimi ni mtu wa wasiwasi. Kiswahili hiki nimejifundisha mwenyewe, kwa redio na vitabu vya kuazima, na kila sentensi naifuta kabla wino haujakauka. Hata utotoni nilikuwa hivyo.

Baba alipohamishiwa kazi Moroni, kisiwa kingine, watoto wa mtaa walicheka lafudhi ya kisiwa chetu kila nilipofungua mdomo. "Haya, Mndzuani, sema tena tusikie." Nikanyamaza. Shuleni ni Kifaransa, katika chuo cha Kurani ni Kiarabu, mtaani ni kicheko. Basi nikaanza kutunga lugha ndotoni. Huko nilikuwa na soko zima linalonielewa. Nilinunua samaki, nikatania wauzaji, nao wakanitania.

Jirani ndiye aliyenisikia nikiisema usingizini, mchana wa Ijumaa, nyumba ikinukia kisamvu cha nazi. Kwetu, roho ikisema ndani ya mtu haifukuzwi. Husalimiwa kwanza, ikaulizwa jina na kwao. Jirani akaketi kando ya mkeka wangu.

"Karibu, mgeni. Umetoka wapi?"

Nami, nikiwa usingizini, nikamjibu kwa kirefu.

Jioni hiyo mama alifunga mizigo. Bibi, mama yake, aliyebaki Mutsamudu, ndiye aliyeitwa majumbani kufasiri maneno ya majini wa Kibuki, wale wenye lugha ya ng'ambo. Akithibitisha kuwa ni jini, ningechezewa ngoma, nisirudi shule, na maisha yangu yote niwe kiti cha kukaliwa na mgeni huyo. Na shule niliipenda, licha ya vicheko vya watoto.

Bandarini Moroni, wanajeshi wa Kizungu, wale wa kukodiwa, walikuwa wakikagua abiria. Mama alinibana mkono. "Usisinzie, mwanangu. Wakikusikia hawa, watadhani tuna siri." Nilikodoa macho mpaka Mutsamudu.

Bibi hakuniuliza kitu. Alinilisha wali na ndizi za kukaanga, akanilaza, akakaa na ungo wake akichambua mchele. Nilipoamka, uso wake uliopakwa unga wa msandali ulikuwa juu yangu.

"Nimekusikiliza," alisema. "Sikushika hata neno. Huyo mgeni wako anauitaje mchele?"

Nikamwambia. Mara nikaona aibu. "Hapana, bibi, subiri. Hilo halijakaa vizuri. Juzi nilitumia jingine. Bado nalitengeneza."

Akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Akamwita mama kutoka jikoni.

"Nimeongea na majini tangu sijaolewa," alimwambia. "Wanadai manukato, wanadai nguo, wanatukana watu wazima. Sijaona hata mmoja anayejisahihisha. Huyu ni mtoto wako tu, tena msumbufu kama wewe. Mrudishe shule."

Kabla hatujaondoka aliniomba neno moja liwe lake. Nikampa, baada ya kulifikiria asubuhi nzima. Kila likizo aliniita kwa neno hilo kutoka mlangoni, mbele ya wageni, bila haya yoyote, nami nikaitika.

Wanajeshi wale walishaondoka. Bibi naye tumemzika, na wanaofasiri majini wamepungua. Soko langu la ndotoni limefungwa pia. Siku hizi watu wa ndoto zangu huongea Kifaransa cha ofisini, sahihi kabisa, wala hakuna anayenitania.

Ninapohariri ukurasa huu mara ya sijui ngapi, namshukuru. Angeweza kusema ndiyo, ni jini. Nyumba nzima ilikuwa tayari kumwamini, na ngoma ingemletea heshima na nguo mpya. Alimsadiki mtoto aliyetoka usingizini.