Injini ya Kimya

Gauni zangu zote mbili za kazi zilikuwa na matundu upande wa kiuno, hata mwenye nyumba wangu pale mtaa wa Izia akaniuliza kama chumbani mwangu kuna panya. Nikamwambia ni maji ya betri. Alinitazama akingoja nieleze zaidi, nami nikafunga mlango. Miaka ile nilikuwa naamka nimechoka, na habari yenyewe ilikuwa ndefu.

Nilikuwa nesi wa mama na mtoto, mtu wa Mbeya niliyepangiwa kazi Sumbawanga. Kila mwezi nilishuka Kabwe, kwenye Ziwa Tanganyika, kwa lori lolote lililopatikana, kisha nikapanda boti ya zahanati kwenda kijiji kimoja cha kusini ambako barabara haikufika. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye vitongoji vya mlimani wakapangwa kwa mistari ufukweni, nyumba kwa nyumba, lakini mashamba yao ya mihogo yalibaki kule kule juu. Mchana ukifika ufukweni unakuta kuku, wagonjwa na bendera ya ofisi ya kijiji.

Aliyenipeleka alikuwa mzee wa pale Kabwe, mpiga kasia wa zahanati tangu ilipojengwa. Boti ilipozunguka rasi ya mwisho na mlima wa kijiji ukaonekana, alianza kuimba. Sauti yake ilikuwa nene, ikigonga mawe na kupanda mlimani, na mwenzake wa kasia la pili alimwitikia. Tulipotia nanga akina mama walikuwa wanateremka na watoto mgongoni, majembe wameyaacha shambani. Wimbo ule sikuutilia maanani hata kidogo. Kwangu ulikuwa kama jasho, kitu kinachomtoka mtu akifanya kazi.

Kisha bega lake la kulia likaanza kumsumbua. Nilimpandisha Sumbawanga nikamwonyeshe kwa daktari. Alifika na shati moja jepesi, akitetemeka kwa upepo wa Ufipa, nikamvalisha sweta langu, naye hakuona haya. Daktari aliushika mkono ule, akaunyanyua, akaushusha, akasema kano zinakatika, na akiendelea kupiga kasia mkono utakufa kabisa. Tukatoka nje. Tukakaa kwenye ngazi za hospitali.

"Sasa nesi," akaniuliza, "nikiacha kasia, pale zahanati nitakuwa nani?"

"Utapumzika, baba."

"Kupumzika ni kazi ya nani?"

Nilirudi ofisini nikasumbua watu. Nilisema mzee yule akiondoka hakuna kliniki kule kusini, maana hakuna mwingine aliyejua mawe ya ile njia, na akibaki anaangamia. Nilisema mpaka wakaanza kunikwepa. Petroli ilikuwa imeadimika, kwa hiyo injini ya kawaida haikuzungumziwa. Ndipo wafadhili fulani walipoleta injini ndogo ya umeme, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja, yenye mpini wa kuongozea na panga dogo la kuzungusha maji. Ofisa wetu wa afya aliijaribu uani ndani ya pipa la maji, wafanyakazi wote wakitazama. Maji yalizunguka bila mlio wowote. Watu wakapiga makofi.

"Ndugu zangu," ofisa akasema, "habari ya petroli imekwisha."

Na kweli ilikwisha, ikaanza habari ya betri. Kule ziwani umeme haukuwepo, kwa hiyo betri mbili za injini, kubwa kama za lori, ilibidi zipandishwe Sumbawanga zikachajiwe kwenye karakana ya familia moja ya wafanyabiashara waliokuwa na jenereta. Jenereta lenyewe lilikunywa dizeli, na dizeli nayo tuliisaka kama sukari. Nilishuka na betri zimejaa, nikapanda nazo zimekwisha, nimezipakata kwenye lori la dagaa zisije zikapinduka, na gauni zangu zikaliwa kidogo kidogo. Mzigo wa yule mzee ulikuwa umehamia kiunoni kwangu. Sikulalamika, maana nilikuwa nimeuomba mwenyewe.

Nafasi ya mpiga kasia wa pili ikafutwa, kwa kuwa sasa kulikuwa na injini. Mzee akabaki peke yake kama nahodha. Safari ya kwanza alikaa mbele, mikono magotini, akinionyesha mawe kwa kidevu, nami nimeshika mpini nyuma. Ziwa lilikuwa limetulia. Tulizunguka rasi tukasikia mpaka maji yanayodondoka kwenye kamba. Nilimwona anaminyaminya bega lake na kutabasamu, nikafurahi kuliko nilivyofurahi siku niliyopata cheti changu.

Ufukweni hakukuwa na mtu. Nilitundika mizani kwenye mti, nikapanga kadi, nikakaa. Alikuja bibi mmoja mwenye kikohozi, basi. Jua lilipoanza kushuka nilifungasha, na njia nzima nilikuwa nawasema wale akina mama moyoni. Nilisema wamechoka na uzito wa watoto wao wenyewe. Mwezi uliofuata ikawa vile vile, na ofisa wetu akaanza kuuliza kama kituo kile kina maana yoyote.

Safari ya tatu tulikuta mama mmoja anachota maji, mtoto wake mgongoni, nywele za mtoto zimeanza kuwa nyekundu kwa utapiamlo. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakumleta kupimwa miezi yote hiyo.

"Nimlete lini, nesi? Mnakuja kimya kama wezi," akasema. "Sisi tuko juu mihogoni. Tulikuwa tukisikia wimbo tunateremka. Siku hizi tukirudi jioni tunakuta nyayo zenu."

Nilikaa chini pale pale mchangani. Siku ya kliniki haikuwa na tarehe, ilitegemea lori, na ujumbe usingeweza kututangulia kwa sababu njia ya ujumbe ilikuwa hiyo hiyo boti. Wimbo ndio uliokuwa tangazo. Mzee naye alikuwa amesimama kando, ameshika kichwa. Hata yeye hakuwa amelifikiria. Alidhani, kama mimi, kwamba wanatususa.

Nikamwambia jambo ni rahisi, aimbe. Akatikisa kichwa.

"Haiimbwi hivyo, mwanangu. Wimbo wa kasia unaimbwa na kasia. Kwetu anayeimba kwenye boti mikono ikiwa imetulia ni yule anayesindikiza maiti. Anakaa karibu nayo, haguswi na kazi, anaimba ili huko waendako wajiandae. Nikiimba nimekaa, kijiji kizima kitalia."

Mimi mtu wa Mbeya nikaona hayo ni maneno tu. Mwezi uliofuata nilibeba debe tupu nikaligonga tangu rasini. Kumbe debe pale kijijini lilikuwa mlio wa mwenyekiti akiita watu kwenye shamba la ujamaa. Waliokuwa karibu walikimbilia porini, na waliokuwa mbali wakazidi kwenda mbali. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Safari nyingine niliimba mwenyewe wimbo wa kwaya ya kwetu, wakaja wazee wawili kuuliza kama mhubiri amefika. Mtoto wa nywele nyekundu hakuonekana tena, na nilipouliza, nikaambiwa amezikwa.

Safari iliyofuata sikubeba debe wala sikuimba. Tulipokaribia rasi aliinama, akatoa kasia lake chini ya mbao za boti. Alikuwa amelificha humo tangu Kabwe.

"Acha, baba. Daktari alisema nini?"

"Daktari hajazika mtoto kule," akasema.

Akaanza kuvuta. Injini ilikuwa inakwenda, betri zangu zimejaa, na yeye anapiga kasia juu yake kana kwamba injini haipo. Boti ilivutwa upande mmoja, nikawa napambana na mpini kuirudisha. Kwanza sauti ilitoka nyembamba, kisha ikanenepa, ikapanda mlimani. Nilimsihi avute kwa kuigiza tu, ayaguse maji kwa kasia bila nguvu. Alijaribu, na wimbo ukakatika. Alisema pumzi yake inatoka kwenye kule kuvuta, haina mahali pengine pa kutokea. Tulipofika, akina mama walikuwa wanateremka.

Tulikwenda hivyo mwaka mzima na zaidi. Ofisini waliandika kwamba injini imefufua kliniki, na ofisa akaleta wageni kuipiga picha ndani ya pipa. Nilisimama nyuma yao nikiwa na usingizi. Kila mwezi bega la mzee lilizidi kushuka chini ya la pili, na kila mwezi mizani yangu ilikuwa na watoto. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Watoto wananenepa na mtu yule anakwisha, na vyote viwili nilivileta mimi kwa nia njema. Usiku nilikuwa nimechoka mno, hata kulia nilishindwa.

Mkono ulikufa kweli, kama alivyosema daktari. Nilishuka Kabwe nikamkuta kwenye ngazi za zahanati, mkono wa kulia unaning'inia ndani ya shati. Nikamwambia leo hatuendi. Akaingia kwenye boti akakaa mbele, mahali pake. Kasia hakulichukua. Niliwasha injini, tukaenda mpaka rasini, na hapo, mkono mmoja ukiwa gotini na mwingine umelala pale ulipoangukia, akaanza kuimba.

Haukuwa wimbo ninaoujua. Ulikuwa wa polepole, unashuka kila mwisho. Kabla hatujafika nilianza kusikia vilio kutoka mlimani, kimoja, kisha vingi. Waliteremka wote. Akina mama, wazee, wanaume waliokuwa hawajafika kliniki hata siku moja, mpaka mwenyekiti akiwa na udongo wa shamba miguuni. Hakuna anayebaki nyuma kwenye msiba. Wengine waliingia majini mpaka magotini, wakachungulia ndani ya boti, wakaona betri, mizani na mimi.

"Nani?" mama mmoja akauliza, kanga yake imefungwa kichwani tayari. "Mmetuletea nani?"

"Mkono wangu," mzee akasema. "Leteni watoto wapimwe."

Nilidhani watakasirika. Yule mama akasogea, akaushika mkono wake wa kushoto, akainama akamwambia pole. Aliyefuata akafanya vile vile, na mwingine nyuma yake, mpaka foleni ikapanda ufukweni hadi kwenye bendera. Yeye alimpokea kila mmoja kama anavyopokea mfiwa, macho chini, akijibu polepole. Mizani ilikuwa bado mikononi mwangu. Niliiweka mchangani, nikaenda kusimama mwisho wa foleni, na zamu yangu ilipofika nikamshika mkono nami nikampa pole.